Mheshimiwa Prudencia na Siku Arobaini na Moja za Mulumo

Mheshimiwa Prudencia Rwehumbiza Ng'washi, aliyekuwa mbunge wa viti maalumu, anazikwa leo Jumamosi, tarehe 14 Februari 2026, nyumbani kwake Buswelu. Wengi wenu mlimwona kwenye televisheni siku alipotolewa bungeni akiitwa mwongo. Wasifu huu hautalipita jambo hilo kimya kimya. Umeandikwa na mdogo wake wa pekee, Kemilembe, na kwa kuwa wasifu hauna "mimi", humu ataitwa mdogo wake, kama alivyoitwa maisha yake yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1966 huko Kamachumu, wilayani Muleba, mtoto wa kwanza wa Mzee Pius Rwehumbiza, karani wa ghala la pamba, na Ma Rachel. Mdogo wake alizaliwa miaka miwili baadaye, na tangu hapo kazi yake ikawa kufuata. Alivaa magauni ya marehemu, akavaa viatu vya marehemu, hata ubatizo alibatizwa akiwa na shali ya marehemu. Mwaka 1972 familia ilihamia Mirongo, hapa Mwanza. Kila mgeni aliyebisha hodi alisema, "Huyu ndiye Prudencia? Waitu, mtoto mzuri!" Baada ya hapo ndipo alipogeuka na kuuliza, "Na huyu je?"

Shule ya msingi aliisoma hapa mjini, akaimaliza mwaka 1980. Alisoma sekondari ya bweni mkoani Kagera, kisha chuo cha ualimu alichohitimu mwaka 1988. Haki isemwe: tangu shule ya msingi hesabu zilimshinda. Za nyumbani alifanyiwa na mdogo wake, aliyekuwa madarasa mawili nyuma. Siku moja zikatoka zote sahihi, mwalimu akampa marehemu kalamu ya zawadi mbele ya shule nzima. Alirudi nyumbani anarukaruka: "Kemi, tumeshinda!" Kalamu yenyewe hakuitoa.

Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa kanisani Nyegezi na Ndugu Paulo Ng'washi, mwalimu mwenzake. Shemeji Paulo yupo hapa, na hawezi kukana kwamba safari yake ya kwanza Mirongo alikuja kumuulizia mdogo aliyekuwa akisomea uuguzi, siyo dada mwalimu. Bahati mbaya aliyemletea maji ya kunywa alikuwa marehemu. Hayo yamekwisha. Mdogo wake naye aliolewa baadaye na Obedi, mtu mwema asiye na haraka ya jambo lolote.

Marehemu alifundisha hapa Buswelu miaka ishirini na miwili, akawa diwani mwaka 2010, na mwaka 2015 akaingia bungeni kwa viti maalumu, akakaa vipindi viwili. Huko Dodoma habari za afya zilikuwa zake. Mawaziri wakija na majibu ya juu juu, yeye aliyafumua uzi mmoja mmoja. Watu walisema, "Mheshimiwa anaijua afya utadhani kaisomea." Aliyeisomea alikuwa mdogo wake, muuguzi mfawidhi wa zahanati ya kisiwa cha Mulumo, saa tatu kwa boti kutoka mjini. Kila Jumapili marehemu alimpigia simu, akamuuliza maswali hadi salio likaisha, na Jumanne akayasema majibu bungeni kama yake.

Mwezi Machi 2023 mama mmoja wa Mulumo alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukata. Sindano ya kuizuia haikuwepo. Alifia mikononi mwa Kemilembe. Baada ya maziko Kemilembe alifungua daftari la dawa akahesabu: zahanati ilikuwa imekaa siku arobaini na moja bila hata kichupa kimoja, na maombi matatu yalikuwa yametumwa bila majibu. Akayanakili yote kwenye karatasi, tarehe kwa tarehe, akampelekea dada yake. Na kwa kuwa muuguzi husaini kila anachoandika, mkono wenyewe ukaandika chini jina, cheo na saini.

Mwezi Mei Naibu Waziri alijibu bungeni kwamba sindano ile inapatikana katika zahanati zote za mkoa. Marehemu akasimama kwa swali la nyongeza. "Mheshimiwa Spika, Mulumo imekaa siku arobaini na moja bila hata kichupa. Je, yule mama tuliyemzika naye alikuwa kwenye hesabu za Naibu Waziri?"

Makofi yale, ndugu zangu! Meza za Bunge nusura zipasuke. Kisiwani watu walishangilia mbele ya televisheni ya kibanda cha chai, na mdogo wake amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, anaona wivu. Maneno yale yalikuwa yake, siku zile alizihesabu yeye, na jina lililokuwa likitajwa lilikuwa lile lile la tangu Mirongo.

Kiti cha Spika kikamtaka marehemu alete ushahidi ndani ya siku tatu au afute kauli. Mdogo wake alikaa na simu mkononi akisubiri kuombwa daftari. Alishaapa kwamba safari hii hatoi kitu mpaka atajwe. Simu haikuita. Marehemu hakuleta ushahidi, wala hakufuta kauli. Alitolewa nje kwa vikao vitano, na gazeti moja likaandika kwa herufi kubwa, "Mbunge Mwongo". Na mdogo wake alifurahi. Lisemwe hapa mbele ya jeneza: alifurahi. Alisema moyoni, "Si anajifanya anajua? Haya, ajue sasa."

Wiki mbili baadaye maboksi ya sindano yalishushwa Mulumo. Kina mama wakapiga vigelegele, "Mheshimiwa oyee!" Aliyeyabeba kichwani kutoka ufukweni hadi zahanati hakuna aliyempokea hata boksi moja. Kwa zaidi ya miaka miwili dada hawa wawili walisalimiana misibani tu. Jina la mwongo lilimganda marehemu, na mwaka 2025 chama chake hakikumrudisha.

Agosti mwaka huo aligundulika kuwa na saratani ya ini. Mwezi Januari mdogo wake aliomba likizo, akaja kumuuguza. Siku moja akiwa anambadilisha shuka, swali likamtoka.

"Dada, kwa nini hukunipigia? Ningekupa daftari lote."

"La nini? Karatasi yako nilikuwa nayo mkobani, Kemi."

"Sasa si ungewapa!"

"Ina saini yako."

"Ndiyo, wangejua ni mimi!"

"Wangejua, halafu wangekusimamisha kazi kwa kutoa taarifa bila kibali. Mulumo ina muuguzi mmoja. Nikikutoa wewe, kina mama wazalishwe na nani? Naibu Waziri?" Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe niletee uji, acha maneno. Vile vikao vitano mimi nililala usingizi mzuri."

Mdogo wake alitoka nje akalia kwa hasira, maana hata hapo alikuwa amezidiwa. Miaka yote aliyaonea wivu makofi ya dada yake. Sasa akaona wivu wa ile aibu aliyoibeba peke yake bila kumwambia mtu, na mpaka leo anauona, kwa sababu angetamani awe yeye aliyefanya hivyo, na anajua asingefanya.

Marehemu alifariki dunia tarehe 11 Februari 2026, saa nane mchana, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mumewe.

Ameacha mume, Paulo, watoto watatu, Jonathan, Gladness na Projest, wajukuu wanne, na mdogo wake, Kemilembe Rwehumbiza, muuguzi mfawidhi wa zahanati ya Mulumo, ambaye bado miaka miwili astaafu. Waheshimiwa mlioketi mstari wa mbele, pamoja na wakubwa wa afya mliokuja kutufariji, fungueni ukurasa wa mwisho wa ratiba mliyoshika. Karatasi yenyewe imechapishwa hapo, na saini haikufutwa. Siku arobaini na moja alizihesabu huyu anayewasomea. Daftari lipo zahanati, na Jumatatu atakuwa kazini, mkitaka kulikagua au mkitaka kumwondoa.

Prudencia apumzike sasa. Kauli yake imethibitishwa.