Taa Yenye Macho

Githinji, fundi wa viatu vya akala wa soko la Kariokor, alikuwa na tabia ya kusifu kitu kipya kabla hakijamaliza mwaka. Basi alilopanda asubuhi hiyo lilipokaribia zile taa mpya za kuongozea magari, akamgeukia mama aliyeketi kando yake.

"Hizi zina macho, mama. Magari yakijaa, zinaongeza kijani zenyewe. Foleni ya asubuhi imepungua sana."

"Na watu wakijaa?" Mama yule aliuliza kwa sauti ya chini, hata kondakta akaacha kugongagonga mlango ili asikie vizuri.

"Watu hawana shida. Tunangojana pale kando mpaka tuwe kundi, halafu tunavuka pamoja. Hakuna dereva atagonga kundi."

"Mama yangu alikuwa peke yake, na fimbo yake. Siku hiyo magari yalikuwa mengi, kwa hivyo taa ikayapa muda, yeye ikampa kidogo. Alifika katikati."

"Pole sana. Lakini foleni nayo inaua, mama. Ambulensi zilikuwa zinakwama hapa na wagonjwa ndani."

"Najua, mzee. Sijasema zizimwe."

Basi likasimama. Mama akashuka, akasimama ukingoni mwa barabara akitazama huku na huku. Hakukuwa na mtu wa kungojana naye. Kariokor bado ilikuwa mbele, lakini Githinji alibeba mfuko wake wa ngozi, akashuka, akaenda kusimama kando yake.

Wakawa wawili.