Kope za Mataifa

Nyuma ya stendi ya Same kuna kijiwe cha kahawa, na pale benchini mwenye maneno mengi ni Eliezeri, maarufu Mataifa, kwa kuwa aliendesha malori hadi Lubumbashi na hajaacha kusimulia. Asubuhi ile alikaa ameshika mzigo wa bintiye, Irine, uliotoka Dar kwa basi. Kwenye kicheni pati yake joto liliyeyusha rangi ya kope za Irine, ikamshuka mashavuni, na mawifi watarajiwa wakarudi kwao Kwakoa wakinong'ona kwamba bibi harusi alikuwa analia, hataki kuolewa. Sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ni kesho. Kwenye mzigo kuna rangi mpya ya kope na kitubu cha praima, krimu inayopakwa kwanza ili rangi ishike. Lakini ngozi ya Irine huvimba upesi, na Mataifa hajui ampe au akitupe.

— Tujaribu kwako, mzee, alisema Hamidu, fundi rangi wa nyumba aitwaye Koti Mbili kwa kuwa kila ukuta huupaka mara mbili. Jicho moja na praima, jingine bila.

— Sawa. Ngozi ni ileile, nimemzaa mimi.

Mataifa akafumba macho. Koti Mbili akapaka praima jicho moja kama anavyopaka ukuta unaotoa chumvi: mkono wa kwanza, wa pili, na wa tatu kwa usalama. Kisha macho yote mawili yakapakwa ile rangi ya mzigoni, ya zambarau, na mzee akawekwa juani.

Evance wa bodaboda, yaani Profesa, akaeleza kuwa tatizo si joto, ni upepo wa Same, unaingia chini ya kope na kuibandua rangi kama bati. Koti Mbili akakataa: ni damu ya Wapare, inachemka ikishuka tambarare. Profesa akasema basi harusi ihamishiwe mlimani.

Irine alipofika kuchukua mzigo wake, jicho moja la baba lilikuwa safi, jingine limejikunja na kutiririka.

— Shikamooni. Baba, umefanya nini?

— Marahaba. Nakupimia, mama. Sijavimba.

Irine akauma mdomo asicheke.

— Mmepaka kiasi gani? Hii ni punje ya mchele tu, unagongagonga kwa kidole, unaacha ikauke.

Koti Mbili akatazama kucha zake.

— Haya, praima iko jicho gani? Hili safi, au hili linalotiririka? Nijue kesho nipake au nisipake.

Mataifa, aliyekuwa amefumba macho, akamgeukia Koti Mbili. Koti Mbili, ambaye hakuweka alama, akamgeukia Profesa. Profesa akawasha pikipiki, ingawa hakuwa na abiria.