Malori Kumi na Moja ya Mama Muhuri

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kutupigia kelele, karani wetu wa usafirishaji, anayejulikana kiwanda kizima kama Mama Muhuri, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mumewe, fundi saa, ameuandikia uongozi akiomba mkewe aongezewe mkataba. Uongozi umemwonea huruma, lakini sheria ni sheria.

Aliingia hapa akiwa binti wa kupanga majalada. Wakati huo tulitengeneza bawaba za aina mbili: inayolia na inayokwama. Leo tuna aina ishirini na sita, na hakuna iliyovuka mpaka bila karatasi aliyoigonga muhuri yeye. Hugonga kwa nguvu zake zote, ndiyo maana meza yake imebadilishwa mara tatu. Madereva wa malori humwamkia shikamoo, hata wanaomzidi umri.

Miaka minne iliyopita nchi yetu ilijitoa katika jumuiya ya kiuchumi, kwa hotuba nyingi na bendera nyingi zaidi. Tukaletewa muhuri mpya. Mama Muhuri akauweka mahali salama, salama kiasi kwamba hata yeye hakuuona tena, na mkono wake ukaendelea kugonga ule wa jumuiya kama ulivyozoea. Ng'ambo ya mpaka, ofisa wa forodha naye alikuwa na mazoea yake, akapitisha. Kwa siku kumi na tisa viongozi walitangaza kwamba tumetoka, na malori yetu kumi na moja yalikuwa bado hayajapata habari.

Lori la kumi na mbili lilikutana na ofisa mgeni, mwenye tabia ya kusoma. Likazuiwa. Tangu hapo kila mzigo ulitakiwa kusubiri siku kumi na nane ili maabara yao ifungue na kufunga bawaba ambazo maabara yetu ilishazifungua na kuzifunga mara elfu hamsini. Mteja wetu mkubwa, mtengeneza milango, akasema hawezi kungoja. Barua za kuwaachisha kazi watu arobaini wa kitengo cha kung'arisha zikachapwa, mimi nikiwa mmojawapo, naye Mama Muhuri akakabidhiwa azigonge na kuzigawa. Alidai wino umekauka. Ulikauka wiki tatu.

Katika wiki hizo wizara iliwaita wenye viwanda waseme vipaumbele vyao vya biashara nje ya jumuiya. Chama chao kilikwenda na vipaumbele thelathini na vinne, cha mwisho kikiwa kuunda kamati ya vipaumbele. Mkurugenzi wetu alimchukua Mama Muhuri ambebee majalada. Akasimama bila kuombwa. Alisema mwenye vipaumbele thelathini na vinne hana hata kimoja, kisha akakiri mbele ya wizara kosa lake la malori kumi na moja, huku mkurugenzi akimkanyaga mguu chini ya meza. Bawaba elfu sitini na sita, alisema, zimeingia kule bila kupimwa upya, na hakuna mlango uliomwangukia mtu. Basi waombe jambo moja tu: kilichopimwa upande mmoja kikubaliwe upande wa pili. Alijua angeweza kufukuzwa palepale.

Uongozi ukaamua barua zetu zisubiri jibu la wizara, na miezi minne baadaye nchi yetu na ile ya ng'ambo ya mpaka zilikubaliana hivyo, kwa bidhaa zote za viwandani. Mama Muhuri alipewa onyo la maandishi, akaligonga muhuri na kuliweka mwenyewe kwenye jalada lake.

Zile barua arobaini, ambazo sasa hazikuhitajika, hakuzichana, maana hajawahi kutupa karatasi yenye upande mmoja mweupe. Alizichapia orodha za mizigo. Yangu ilivuka mpaka na katoni sitini za bawaba za kabati, upande wa nyuma ukisikitika kunijulisha kwamba sina kazi.

Asante, dada. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na wajukuu wasikivu. Jumatatu saa moja, sisi arobaini tutakuwa kazini.