Santino Analala Garini

Kijiwe cha Teresa hakina bango, na hakijawahi kulihitaji. Ukifika stendi ya bodaboda ya Munuki, fuata harufu ya tangawizi na sauti za watu wanaobishana bila kuchoka, umefika. Pana benchi refu la mabomba ya chuma, viti viwili vya plastiki vilivyopauka, jiko la makaa, na jebena, birika la kahawa lenye shingo nyembamba, ambalo halipati nafasi ya kupoa. Jumamosi hiyo mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza barabara kuwa uji, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote. Ulikuwa mwaka wa sita wa mkataba wa amani. Kura ya maoni ya kuamua kama kusini ijitenge na kaskazini ilikuwa inabisha hodi, na Juba nzima ilikuwa imejaa mabingwa wa siasa. Lakini asubuhi hiyo siasa ilikaa pembeni kidogo, kwa sababu Igga alikuja na picha.

Igga ni fundi wa kuchomelea, mwenye karakana yake mtaa wa Hai Mauna, mtu wa maneno machache na milango mingi. Picha ilitoka kwa Santino kwa barua pepe, Igga akaichapisha. Hawa wawili walivuka mpaka pamoja wakiwa wadogo, nyuma ya lori, wakakulia kambini Adjumani, Uganda, wakigombania blanketi moja. Baadaye Santino alipata bahati ya kupelekwa Uingereza, Igga akabaki, na amani ilipokuja Igga akarudi Juba kujenga. Alijenga vyumba viwili. Kimoja analala yeye na mkewe. Cha pili kina mlango wa bluu na kufuli, na kinaitwa chumba cha Santino. Kijiwe kizima kinalijua jambo hilo, na kila aliyewahi kutaka kukipanga amefukuzwa kwa lugha tatu.

Sasa Santino, ambaye miaka yote hiyo hajasema atarudi wala hatarudi, alikuwa amemwalika Igga. Mwezi wa nane yeye na marafiki zake watakodi gari kubwa lenye vitanda na jiko, kama walivyofanya mwaka jana walipopiga picha hiyo, waende likizo katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza uitwao Whitby. Tiketi ni juu yake. Kitanda kimoja ni cha Igga. Ila jibu litoke leo, maana lazima wajue wakodi gari la ukubwa gani. Ujumbe ulikuwa umefika Jumanne, na Igga alikuwa bado hajajibu.

— Leta hapa, alisema Balozi, akaichukua picha kabla hajapewa.

Balozi ni Cirillo, dereva wa boda. Aliwahi kupanga foleni kwenye ubalozi mmoja Kampala akanyimwa viza, na tangu hapo mambo yote ya nchi za nje lazima yapitie kwake.

— Sasa Santino iko wapi?

— Huyo mwenye kofia ya sufu, alisema Igga.

— Mwezi ya nane, kofia ya sufu? Na hii ndio nyumba yake?

— Si nyumba. Ndiyo hilo gari. Wanalala ndani.

Teresa aliacha kupuliza makaa.

— Santino analala garini?

— Wako wanne. Na huyo kawaja, huyo mzungu mwenye kaptula, na mke wake, na huyo mwingine.

— Watu wanne kwa gari moja! alisema Balozi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali haiingii hapo, alisema Moraa.

Moraa ni Mkenya, anafanya kazi benki, na hapo kijiweni jina lake ni Kaunta.

— Kibaba kimejaa ama hakijajaa? aliuliza Balozi.

Igga alizungusha kikombe chake. Ukweli ni kwamba tangu Jumanne alikuwa na furaha moja ya aibu. Alipoiona picha ile kwa mara ya kwanza aliwaza: kumbe Santino hana nyumba. Na mtu asiyekuwa na nyumba hurudi kwao. Alijua si vizuri kumfurahia ndugu yako akilala garini. Hata hivyo alifurahi, na alikuwa ameileta picha kijiweni ili asikie wengine wakisema lile alilotamani liwe kweli.

Wa kwanza kumsaidia alikuwa Philip, Mkenya mwingine, anayepokea wageni katika hoteli ya mahema kando ya Nile. Wanamwita Nyota Tano.

— Maze, hii ni simple... hii ni rahisi, alisema Nyota Tano. Hoteli zimejaa. Si hata hapa Juba ni hivyo? Mkubwa mzima wa shirika analala kwa kontena, jenereta iko kwa sikio, na asubuhi anasema asante. Ukikosa chumba unalala kwa chuma. Ndio maendeleo.

— Hapana, alisema Balozi. Tazama muzuri. Hii turubali imefungwa kwa mulango. Hii jerikeni ya maji. Jiko iko inje. Sahani ya plastiki. Viti ya kukunja. Ndugu zangu, hii kitu mimi najua, mimi nimekaa ndani yake. Hii ni kituo ya wakimbizi. Kilichobaki ni mutu wa UN na kalamu yake.

Vichwa vikainama juu ya picha. Kweli turubali lilikuwapo. Jerikeni ilikuwapo.

— Na juu ya kilima hapa ni nini? aliuliza Teresa.

— Kanisa, alisema Igga. La zamani.

— Paa yake iko wapi?

Kanisa lilisimama juu ya bahari ya kijivu, madirisha matupu, kuta bila paa.

— Antonov, alinong'ona Teresa, na macho yake yakaenda juu yenyewe. Ndege hiyo ya mabomu aliijua kwa mlio; makanisa ya kwao ilikuwa imeyaacha hivyohivyo.

— Igga, alisema Balozi kwa sauti ya hakimu, Santino alisema huo mji iko upande gani ya nchi?

— Kaskazini.

— Munasikia! Kaskazini!

Na benchi zima likaguna, maana Juba neno kaskazini halijawahi kuja na mkate mkononi.

— Jameni, Uingereza haina Antonov, alisema Moraa. Kama kuna shida basi ni mkopo. Huko siku hizi watu wanashindwa kulipa, nyumba inachukuliwa. Unabaki na gari. Unaambia marafiki ni likizo.

— Kaunta, wewe kila kitu ni benki, alisema Nyota Tano. Mvua ikinyesha, riba.

Lakini Balozi alikuwa ameshapanda gia, na akipanda gia hateremki.

— Wacha mimi naeleza. Kila nchi iko na kaskazini yake. Na kama iko na kaskazini, iko na mkataba. Na kama iko na mkataba, kura inakuja. Sasa hawa kawaja wanangoja matokeo. Sisi vita ilitukuta ndani ya nyumba, tukakimbia, nyumba ikabaki. Kawaja amekaa chini, amefikiri, amesema: safari hii nyumba ikimbie pamoja na mimi! Matokeo ikiwa mbaya, unawasha injini tu. Mama iko kitandani, chai iko kwa moto, munakimbia.

Upuuzi ulikuwa upuuzi, lakini hapakuwa na mtu pale aliyewahi kukimbia vita ambaye hakutamani, kwa dakika moja, kwamba siku ile na yeye angekuwa na gari la namna hiyo.

— Santino mwenyewe amesema ni likizo, alisema Igga, kwa sababu mtu lazima aseme haki. Anasema wanapika, wanatembea ufukweni, wanakula samaki, jioni wanacheza karata. Kila mwaka.

— Igga, mwanangu, alisema Teresa. Kambini ulikuwa unamwandikia mama yako nini?

— Kwamba niko salama, asiwe na wasiwasi.

— Na siku hiyo ulikuwa umekula?

Igga alitazama chini.

— Basi, alisema Teresa. Mtu wa mbali siku zote yuko salama.

Hapo kijiwe kikaamua. Hawakuulizana kama Santino anahitaji msaada, waliulizana atumiwe nini. Teresa akatoa neti ya mbu, ileile aliyopewa kituoni siku aliyorudi kutoka Uganda, haijafunguliwa. Nyota Tano akaahidi turubali jipya la hotelini, si kama lile linalolegea kwenye picha. Moraa akasema yeye sabuni na blanketi, maana mtu mwenye kofia ya sufu mwezi wa nane ana baridi. Samaki mkavu wa Nile aliachiwa Balozi, ambaye ana shemeji kule bandarini. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na cha ziada nyumbani, na wote walikuwa wamechangamka ajabu, kwa sababu katika maisha yao misaada ilikuwa imesafiri upande mmoja tu.

— Wahenga wanasema, alimalizia Balozi, mgeni siku mbili, ya tatu mupe jerikeni.

— Jembe! alisema Moraa.

— Jembe atalima wapi, na gari inatembea?

Wakacheka, na Igga akacheka nao. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Kwa kila neno la kijiwe Santino alizidi kuwa maskini, na kwa kila umaskini alizidi kusogea karibu na Munuki.

Ndipo Moraa alipoishika picha tena, akaisogeza machoni.

— Lakini huyu mtu, aki, anacheka.

— Anacheka kwa ajili ya picha, alisema Balozi.

— Hapana. Kicheko ya picha ninaijua, wateja wananipa kila siku. Huyu anacheka mpaka amefumba macho. Na angalia, huyu mama wa kawaja amemshika bega ili asianguke.

Igga aliichukua picha. Alikuwa ameitazama mara nyingi, akatazama gari, turubali, jerikeni. Uso alikuwa ameuruka. Sasa aliuona. Kicheko kile alikijua kutoka chini ya blanketi moja, usiku wa kambi, walipozibana midomo ili mtu mzima asiwasikie. Santino hakuwa amefukuzwa popote. Alikuwa na nyumba yake, na kazi yake, na marafiki wa kumshika bega, na kwa raha zake mwenyewe alikuwa amekwenda kulala garini mbele ya bahari. Mtu anayecheka hivyo hana sababu ya kurudi.

— Nitamwambia siendi, alisema. Kazi ni nyingi.

— Wewe! alisema Nyota Tano. Kitanda cha bure, buda! Bahari!

— Nikaone nini? Nikaone amekaa vizuri? Hiyo nimeshaiona.

Teresa alifungua mdomo kumjibu, lakini boda ilisimama mbele ya benchi ikirusha tope, na mwanamke akashuka na sanduku. Alikuwa na matope hadi magotini na adabu zake zote.

— Salaam, wazee. Salaam, mama. Naitwa Lilly, mimi mwalimu, natoka Koboko, Uganda, naanza kufundisha hapa Jumatatu. Natafuta chumba. Kule stendi wananiambia kuna fundi iko na chumba yenye mulango ya bluu, hakuna mutu ndani.

— Hiyo ya Santino! walijibu wote kwa pamoja, hata Teresa.

— Malesh, samahani. Santino ni nani?

— Ndugu ya huyu, alisema Balozi. Iko Uingereza. Analala garini.

Lilly aliwatazama mmoja mmoja, kama anayetafuta chupa ya pombe. Aliona kahawa tu.

— Na yeye anajua iko na chumba hapa?

Benchi zima lilimgeukia Igga. Balozi, ambaye alikuwa na jibu la kila swali kuanzia mkataba wa amani hadi paa la kanisa la Whitby, alijifanya anafuta tope kwenye kiatu chake. Walikuwa wamekilinda chumba kile miaka yote, wamefukuza wapangaji, wamekizungumza asubuhi na jioni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza.

Igga hakuwa amemwambia. Mwanzo alisema moyoni ni siri tamu ya kumfungulia siku atakayofika. Halafu Santino hakufika, na siri ikageuka kuwa woga. Maadamu hajamwambia, Santino hajakataa. Ndivyo alivyoishi na mlango wa bluu, akiupaka rangi kila kiangazi.

— Keti, mwalimu, alisema Teresa, akimsogezea Lilly kiti. Leo utalala kwangu, Jumatatu tutatafuta. Kahawa ningekupa, lakini jebena kalas, kwisha, hata tone.

Igga alikuwa ameshatoa simu; heri kukataliwa kuliko kuupaka mlango rangi mwaka mwingine. Alitaka kwenda nayo kando, lakini Balozi alimshika mkono, na mwishowe Igga akaweka sauti wote wasikie, akazungumza Kiswahili chao cha kambini.

— Igga! ilisema simu. Unakuja ama hukuji? Watu wa gari wananisumbua.

— Nakuja. Hicho kitanda usimpe mtu. Lakini ngoja, Santino, nina neno.

— Sema.

Igga alimeza mate.

— Nimekujengea chumba. Hapa Munuki, kwenye kiwanja changu. Ni siku nyingi sasa. Si lazima urudi. Nimeona tu ujue kipo.

Balozi alinyoosha shingo kuangalia kama salio limekwisha, na Moraa akampiga kofi la mkono. Upande ule mtu alivuta makamasi, akakohoa.

— Dirisha linatazama wapi? aliuliza Santino.

Igga, aliyechomelea madirisha ya nusu ya Munuki, aliegemea nguzo ya kibanda cha Teresa na kujifuta uso kwa kiganja.

— Dirisha bado sijatoboa, alisema. Nilikuwa nakungoja. Sema wewe litazame wapi.