Gedion Musyoka na Programu Iliyozimwa Ghafla

Marehemu Gedion Musyoka alizaliwa tarehe 9 Machi 1985 hapa Mikindani, mtoto wa tatu wa mzee Musyoka, aliyekuwa kuli bandarini, na mama Mwikali, ambaye tunaye hapa. Alisomea papa hapa hadi kidato cha nne, akaingia chuo cha kompyuta, na mwaka 2010 akaajiriwa kuandika programu katika yadi moja ya makontena kule Changamwe. Tarehe 4 Agosti 2012 alifunga ndoa na Lynnette, wakajaliwa Phoebe na Maxwell.

Mwezi Juni 2022 rekodi za makontena za siku nzima zilipotea pale yadi, na macho yote yakamgeukia Gedion, kwa kuwa ndiye aliyeipa programu kazi za usafi, ambazo hufanyika zenyewe kila inapofungwa kwa utaratibu: huhifadhi rekodi, kisha hufuta nakala za muda. Msimamizi wake, Bwana Matano, alishikilia kwamba yeye mwenyewe aliifunga ipasavyo siku hiyo, na kwamba usafi huo ndio uliofuta kila kitu. Gedion akasimamishwa kazi, wenzake wakawa wananyamaza akipita, hata Lynnette akamuuliza, "Baba Phoebe, kweli hukugusa kitu?" Lilimuuma, ila hakugomba, aliomba tu aifungue ile kompyuta mbele ya wakubwa.

Aliwaonyesha nakala za muda zikiwa bado zimo, akawaeleza kwamba kama programu ingefungwa kwa utaratibu zingekuwa zimefutwa, hivyo usafi haukufanyika kabisa, mashine ilizimwa ghafla.

"Stima haikupotea siku hiyo," alisema. "Nani alichomoa waya?"

Kutokana na nakala hizo rekodi zilirudishwa, ikaonekana makontena mawili yalitoka bila kibali, Bwana Matano akahamishwa, na hadi leo familia haijaambiwa zaidi. Gedion alirudi kazini, lakini chai iliyomiminwa na wenzake akiwa hayupo hakuinywa tena.

Mwaka 2024 alianza kuugua figo, na tarehe 17 Januari 2025, asubuhi, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, na majirani wa Mikindani waliokesha nasi. Wenzake wa yadi, tunawashukuru kwa kufika, na tunaomba msiudhike jeneza likibebwa na majirani peke yao, maana ndivyo alivyoagiza.

Lala kwa utulivu, Gedion.