Mama Kiberiti wa Msitu wa Mbandeni

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Editha Mbawala anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuulinda Msitu wa Mbandeni, nyuma ya Chamazi, wilayani Temeke. Kamati ya sherehe iliiomba Klabu ya Misitu ya sekondari yetu iandike wasifu huu, kwa kuwa amekuwa akitufundisha kila Jumamosi. Tumesoma daftari lake lote la matukio. Yapo mambo ambayo bado hatujayaelewa, na tumeona ni uungwana kuyaeleza hivyohivyo.

Bi. Editha alizaliwa Masasi. Alianza kazi mwaka 1994 akiwa na panga, filimbi na baiskeli isiyo na breki. Wakati huo msitu wote ulikuwa wa serikali. Mwaka 2008 uligawanywa kwa kufuata njia ya miguu inayopita katikati: mashariki ukabaki wa serikali, magharibi ukakabidhiwa mtaa, usimamiwe na kamati ya wakazi chini ya Mzee Awadh, mwenye duka pale kwenye kona. Tangu hapo Bi. Editha alilinda upande mmoja na kuushauri wa pili.

Mtu angetarajia upande wenye mlinzi mwenye sare uungue mara chache zaidi. Daftari linasema kinyume. Tangu mgawanyo huo, upande wa serikali umeungua mara kumi na moja, wa mtaa mara tatu. Klabu ilifurahi, ikaandika ubaoni kwamba watu hutunza kilicho chao. Bi. Editha alisoma, akafuta nusu ya sentensi. Alitueleza kuwa upande wa mtaa akina mama huokota kuni na kukata majani ya ng'ombe, hivyo moto hukosa cha kula. Upande wake hairuhusiwi kuokota hata kijiti, na nyasi hufika kiunoni. Tukaandika hivyo. Jumamosi iliyofuata akatukumbusha kuwa moto mkubwa kuliko yote wa upande wa mtaa uliwashwa na mrina asali, tena mjumbe wa kamati. Ubao ule hadi leo una alama ya kuuliza tu.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Septemba 2019. Moto ulianzia kwenye njia yenyewe, mpakani. Bi. Editha alimpigia simu Mzee Awadh, naye akauliza, “Uko kwangu au kwako?” Wote wawili wakaingia vichakani kutafuta jiwe la mpaka, wakibishana kwa heshima zote, huku moto ukiendelea na shughuli zake. Bi. Mwamvita wa kamati, aliyekuwa akiupiga peke yake kwa tawi bichi, aliwafokea, “Nyie wazee, moto huo mnausomea hati?” Jiwe lilipatikana. Hekta tisa ziliungua. Kesho yake, mbele ya duka la Mzee Awadh, waliweka kanuni inayofuatwa mpaka sasa: moto ni wa aliyeuona kwanza, hadi uzimike.

Jina la Mama Kiberiti lilitokana na kazi nyingine. Kila Juni, masika yakiisha na nyasi zikiwa bado na unyevu, huchoma makusudi ukanda mwembamba kando ya njia, ili moto wa kiangazi ukifika pale ukute majivu. Wahamiaji wapya hushangaa kumwona mlinzi wa msitu akinunua viberiti. Mmoja alikwenda kumshtaki polisi, akamkuta Bi. Editha kituoni amekuja kutoa taarifa ya uchomaji. Walirudi pamoja, mshtaki amebebeshwa ndoo.

Ukanda wa upande wa mtaa huwashwa na kamati, kwa barua ya makubaliano na serikali, ileile inayoukabidhi mtaa upande huo. Barua hiyo iliisha muda wake Machi, na mpya haijasainiwa. Tarehe 14 Juni mwaka huu Mzee Awadh alisimama ukingoni na kamati yake yote, ndoo zimejaa, akakataa kupokea kiberiti. “Mie bila barua siwashi hata jiko,” alisema. Bi. Editha alicheka hadi akakaa chini, kisha akawasha pande zote mbili mwenyewe. Tulipouliza magharibi kwa sasa ni kwa nani, yeye alisema ni kwa mtaa, Mzee Awadh akasema ni kwa serikali. Hatukuwahi kuona watu wakisukumiana msitu mzima.

Juni ijayo Bi. Editha hatakuwa na sare wala ruhusa, na hatujui nani atawasha. Kama barua ile iko mezani kwa mgeni yeyote aliyehudhuria leo, tunamwomba kwa heshima aisaini.

Yeye mwenyewe amejenga pembeni mwa msitu, na dirisha la jiko lake linaona pande zote mbili. Juzi alijaza fomu ya kujiunga na kamati ya mtaa kama mkazi wa kawaida. Kwa miaka thelathini na moja msitu haukuwa wake. Sasa huenda ukawa wake kidogo, tukipata barua. Moto, kwa kanuni aliyoiweka, utakuwa wake kila atakapouona kwanza.

Asante, Mama, kwa kutufutia sentensi zetu. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha, na dirisha lisiloonyesha moshi.