Goti la Kuume la Papa Okito

Karibu na stesheni ya treni ya Kindu, mbele ya meza ya kahawa ya Mama Scholastique, kuna benchi refu linaloitwa Bunge la Viwete. Usiseme ni tusi, wenyewe ndio waliojiita. Wazee watatu wanaokaa pale kila asubuhi walisukuma baiskeli wakati wa vita ya zamani, treni ilipokatika na chumvi ikapotea. Fimbo moja kwenye usukani, nyingine nyuma ya kiti, magunia juu, na mtu anatembea ubavuni mwa baiskeli, upande wa kushoto, anasukuma kwa vijia vya porini mpaka Pangi, mpaka Kama. Ukisukuma hivyo miaka mitano, mguu wa kuume ndio unaokufa. Basi wote watatu wanachechemea mguu uleule, na wakiinuka pamoja wapita njia hawawezi kujizuia kucheka.

Asubuhi moja Papa Okito, mmoja wao, alifika akishika ukuta. Binti yake Gisèle, aliyeolewa Goma, alimtumia sauti kwenye simu: kule waganga wa hospitali wanatoa damu ya mtu mkononi, wanaizungusha kwenye mashine mpaka maji yake ya manjano yanajitenga, halafu maji yale wanayachoma ndani ya goti lililolika. Mwishoni sauti ilivunjika: lakini usije, papa, vita imefunga njia. Okito alikuwa ameisikiliza mara sita. Sasa aliwasikilizisha wenzake.

— Damu yako mwenyewe? akapaza Jacques, anayeitwa Sirene, yaani king'ora, kwa sababu hajui kusema polepole. Wanaitoa, halafu wanairudisha? Sasa kazi yake njo nini?

— Wanarudisha ile ya manjano tu. Nyekundu inabaki.

— Inabaki wapi?

Okito akaitazama simu.

— Ahaa! Munaona? Inabaki wapi!

Isidore alitua kikombe. Huyu huitwa Dokta, maana alilazwa hospitali wiki nane akatoka na majina ya dawa zote kichwani.

— Munisikilize. Ile ya manjano njo mafuta. Muntu akikula vizuri, mafuta inaingia mu damu. Lakini huyu Okito alikula majani ya sombe bila chumvi miaka ngapi? Watazungusha mpaka mashine ichoke, watapata maji ya mutoni.

— Chumvi nilikuwa ninaibeba, Okito akasema.

— Njo hiyo! Ulibeba, haukukula!

— Miye ninaogopa kitu ingine, Sirene akaingilia. Damu ikizungushwa sana inashikwa na kizunguzungu. Watachoma goti ya kuume, yenyewe itakimbilia ya kushoto. Utachechemea pande zote mbili.

— Basi nitakuwa sawasawa.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Isidore hakucheka. Alikuwa ameshapata wazo, na wazo la Dokta halizuiliki.

— Goma ya kazi gani? Mashine yao inafanya nini? Inazungusha. Na siye tuko watu wa nini? Wa baiskeli! Tunapindua baiskeli magurudumu juu, tunafunga kachupa ka damu kwenye spoki, Sirene anazungusha pedali na mikono. Ya manjano itapanda yenyewe.

— Na sindano atachoma nani? Mama Scholastique akauliza.

— Miye.

— Yesu wangu!

Hapo Okito angecheka, kama kawaida yake. Lakini alikuwa tayari anakunja mkono wa shati.

— Baiskeli yangu iko kwa nyumba, alisema. Gurudumu ya nyuma inazunguka bado muzuri.

Benchi lote liliona kwamba hafanyi mchezo, na hata Isidore akaona haya.

— Papa, shusha shati.

Aliyesema ni Nicole, muuguzi aliyehamishwa kutoka Kasongo juzijuzi, aliyesimama akingojea kahawa yake. Akachuchumaa, akashika goti la Okito, akalikunja taratibu. Likalia kwa sauti, wote wakasikia.

— Ile damu ya gurudumu ikiingia na uchafu, goti itaoza, watakata muguu. Na hata ile ya Goma, nisikudanganye, papa. Inasaidia wengine, wale goti yao haijaisha sana. Maumivu inapunguka miezi fulani. Hii yako, mufupa unasuguana na mufupa. Ile muguu ya zamani haitarudi.

Okito alishusha mkono wa shati.

— Lakini uniambie, Nicole akasema. Ulitaka goti ikufikishe wapi?

Miaka yote ile, benchi halikuwahi kumuuliza.

— Kwa mutoto wangu. Pélagie.

Akaeleza, macho chini. Ilikuwa vita. Alikuwa anamtorosha kutoka Kindu, amemkalisha juu ya magunia, homa ikammaliza katikati ya pori. Nyuma kulikuwa askari. Alichimba kwa sahani. Msalaba hakuwa nao, basi akachomoa fimbo ya baiskeli, akaisimika pale. Kila kiangazi alirudi, akapalilia, akasimika fimbo mpya, maana ya zamani mchwa wameila. Pikipiki haiingii kule. Mwaka jana wapwa wake walijaribu kumbeba kwa kiti, wakashindwa kwenye bonde la kwanza.

— Sasa ni miaka tatu sijafika, alisema.

— Tulipita njia ile pamoja mara ngapi, Okito? Sirene, kwa mara ya kwanza, alisema polepole. Haukutuambia.

— Ningesema nini? Kila muntu alikuwa na wake.

— Siye tutaenda! Isidore akasimama kwa hasira. Goti likamkatalia, akarudi kukaa. Basi, tutatuma muntu. Kijana mwenye nguvu. Atapalilia, atasimika fimbo.

— Nani mwingine anajua pahali pale? Nicole akauliza.

Mke wa Okito, Germaine, alikufa bila kupaona. Gisèle wakati ule alikuwa bado mgongoni mwa mama yake. Okito akafungua mdomo aelekeze.

— Unavuka mutoni ya pili. Unapita mawe mbili kubwa. Unapanda kidogo, halafu upande wa kuume unaona fimbo...

Hapo akakumbuka mchwa: fimbo ya mwisho ina miaka mitatu. Mama Scholastique aliinamisha termosi juu ya kikombe cha Nicole, hakikutoka kitu. Nicole alikuwa angali amechuchumaa, anangoja jibu.